Umri wa Jina

Mwaka 1861 msafiri wa Kiingereza, John Hanning Speke, alipita Usui akielekea Karagwe, na kutoka huko akaendelea kutafuta chanzo cha Mto Nile. Usui ilikuwa nchi ya mtawala Suwarora, na ilienea katika sehemu ya eneo ambalo leo tunaliita wilaya za Ngara na Biharamulo. Speke hakuwa na raha hapo. Msafara wake ulicheleweshwa kwa sababu Suwarora na watu wake walidai hongo, yaani ushuru wa njia: vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Kitabu chake kilipotoka Uingereza mwaka 1863, nchi yetu iliingia kwenye maktaba za Ulaya kupitia malalamiko ya mgeni aliyetozwa ushuru.

Suwarora hakuandika kitabu. Hatujui alimwonaje mtu huyu aliyekatiza nchi ya watu na mizigo yake, akashangaa kuambiwa alipe. Kinachojulikana ni kwamba wasafiri na wanahistoria waliofuata walianza kwa kumsoma Speke, wakamnukuu, na walionukuu wakanukuliwa. Miaka mia moja na sitini baadaye, ukitaka kuandika historia ya Usui, bado unabisha hodi kwa Speke kwanza. Si kwamba aliifahamu Usui kuliko wenyeji. Alitangulia kuandikwa, na waliokuja nyuma wakamwonyeshea kidole.

Mimi ni mtoto wa Biharamulo kwa baba na wa Ngara kwa mama, Msubi na Mhangaza kwa pamoja. Nimekuwa nikiifikiria habari ya Speke tangu mwaka jana, kwa sababu ya swali ambalo halikuhusu historia hata kidogo. Kikundi cha wafuga nyuki cha Biharamulo, ambacho shangazi yangu ni mhazini wake, kilikuwa kinataka kufungua tovuti ya kuuzia asali. Mtu mmoja aliyekuja kuwauzia huduma hiyo aliwaambia wasilipie jina la tovuti kwa mwaka mmoja, walipie kumi kwa mpigo. Sababu aliyotoa ilikuwa kwamba Google huwaheshimu waliolipia muda mrefu na kuwapandisha juu, na kwamba jina changa haliwezi kushindana na jina kongwe. Shangazi akanipigia simu: "Mwanangu, wewe umesoma mambo haya. Ni kweli, au tunaliwa?"

Kwa kikundi kinachohesabu faida yake kwa madumu ya asali, miaka kumi ni fedha nyingi. Nikaomba siku mbili. Zikawa wiki tatu, maana jibu lilikuwa na historia yake.

Jina la tovuti, ambalo wataalamu wetu huliita kikoa, si kitu cha zamani. Mfumo wa majina ya vikoa ulibuniwa mwaka 1983 ili watu wasilazimike kukariri namba za kompyuta. Tarehe 15 Machi 1985 kampuni ya Marekani iitwayo Symbolics ilisajili symbolics.com, jina la kwanza kusajiliwa lenye mkia wa .com. Miaka kumi ya mwanzo kusajili jina kulikuwa bure. Malipo yalianza Septemba 1995, dola 100 kwa miaka miwili. Mwaka huohuo ndipo Tanzania ilipopewa mkia wake, .tz.

Hapa kuna jambo ambalo Mtanzania ataling'amua upesi kuliko Mmarekani. Jina la kikoa hulimiliki; umelikodi. Sisi tunalijua hilo kutokana na ardhi. Hati ya mjini hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na muda ukiisha mambo yanaanza upya. Kikoa nacho kina hati, ila hati yake ni fupi: mwaka mmoja mpaka kumi kwa majina ya .com. Usipolipia, linarudi sokoni, na yeyote anaweza kulichukua pamoja na sifa yote uliyoijenga humo.

Google ilizaliwa mwaka 1998 ikiwa na wazo moja kubwa: ukurasa unaoelekezewa viungo na kurasa nyingine nyingi, hasa zenye heshima, huenda ni ukurasa mzuri. Kiungo kilihesabiwa kama kura. Ni utaratibu wa kitabu cha Speke uliogeuzwa hesabu. Tatizo ni kwamba kura zinaweza kununuliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 matapeli walikuwa wakisajili majina kwa mamia, wanayajaza viungo vya kupeana kura wenyewe kwa wenyewe, wanavuna wateja miezi michache, kisha wanayatupa.

Tarehe 31 Desemba 2003 Google iliomba hataza juu ya namna ya kupima ukurasa kwa historia yake: lini ulionekana mara ya kwanza, viungo vyake viliongezeka kwa kasi gani, maandishi yake yalibadilika mara ngapi. Miongoni mwa wagunduzi waliotajwa walikuwamo Jeff Dean na Matt Cutts. Ndani ya maombi hayo, yaliyochapishwa Machi 2005, kulikuwa na hoja fupi kuhusu muda wa usajili. Ilisema, kwa maneno yangu, kwamba majina ya watu wakweli mara nyingi hulipiwa miaka kadhaa mbele, wakati majina ya matapeli ni nadra kutumika zaidi ya mwaka, na kwa hiyo tarehe ya kuisha kwa usajili inaweza kusaidia kutambua nani ni nani.

Hoja hiyo fupi ilizaa biashara nzima. Wauzaji wa majina walianza kuwaambia wateja kwamba usajili wa miaka kumi ni dawa ya kupanda kwenye matokeo. Kwa bahati mbaya hataza si ushahidi wa matumizi. Ni uzio wa wazo. Mtu anaweza kuwekea uzio shamba ambalo hatalilima kamwe, na kampuni kubwa hufanya hivyo kila siku. Lakini maneno yalishatoka, na maneno ya kuuzia bidhaa hayana tarehe ya kuisha. Ndiyo hayohayo yaliyomfikia shangazi yangu Biharamulo karibu miaka ishirini baadaye, kwa sauti ya mtu aliyeyaamini au aliyejifanya kuyaamini.

Google wenyewe walijaribu kuyazima. Matt Cutts, aliyekuwa akipambana na tovuti taka ndani ya kampuni, alieleza hadharani kwamba tofauti kati ya jina la miezi sita na la mwaka mmoja si kubwa, na kwamba mtu ajali zaidi anachoweka humo. Mwaka 2019 John Mueller, msemaji mwingine wa kampuni hiyo, alikata mzizi wa fitina: umri wa kikoa hausaidii kitu.

Hadithi ingeishia hapo kama si Mei 2024. Mwezi huo maelfu ya kurasa za maelezo ya ndani ya mfumo wa Google yalivuja, na kampuni ikakiri kuwa ni ya kweli huku ikionya yasisomwe bila muktadha. Ndani yake mlikuwa na kipengele kinachohusu umri wa tovuti, kikielezwa kuwa ni cha kuziweka kando tovuti taka zilizo changa. Kulikuwa pia na sehemu ya kutunza tarehe ya kuundwa na ya kuisha kwa jina. Wengine walishangilia: kumbe walikuwa wanatudanganya! Mimi niliyasoma maelezo hayo kwa utulivu zaidi. Kutunza tarehe si sawa na kuitumia kupandisha mtu. Na kumchunguza mgeni kijijini si sawa na kumpa mzee cheo. Mgeni huulizwa alikotoka. Akijulikana, anaachwa apite. Kwa kadiri ya yaliyo wazi, uchanga unaweza kukuchelewesha mlangoni. Haielekei kwamba uzee peke yake unakuketisha kwenye kiti cha mbele.

Kwa nini basi tovuti kongwe huonekana kutawala? Hapa ndipo ilinibidi niache kusoma habari za Marekani na kurudi Ngara.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 Wanyarwanda takriban 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa saa 24 hivi. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, UNHCR, lilieleza kwamba halijawahi kushuhudia watu wengi hivyo wakikimbia kwa kasi ile. Walipewa nafasi mahali palipoitwa Benaco, jina linalotokana na kampuni ya ujenzi ya Kiitalia iliyowahi kuweka kambi pale. Kwa siku chache Benaco ilikuwa na watu wengi kuliko karibu kila mji wa Tanzania. Mama yangu alikuwa binti wakati huo. Anakumbuka miti iliyotoweka kilimani kwa kuni, ndizi zilizopanda bei, visima vilivyochanganywa foleni za lugha tatu, na pia ajira: vijana wa Ngara waliojua Kiingereza kidogo wakawa wakalimani na madereva, wakajenga nyumba za bati. Desemba 1996 Wanyarwanda wakarudishwa kwao kwa amri, na mashirika mengi yakafungasha.

Tazama tarehe hizo. Miaka ya 1994 hadi 1996 ndiyo miaka ambayo mashirika makubwa ya dunia yalikuwa yanafungua tovuti zao za kwanza. ReliefWeb, ghala la Umoja wa Mataifa la taarifa za majanga, lilianzishwa Oktoba 1996. Ripoti za Ngara ziliingia kwenye intaneti mapema, na zimekaa humo tangu hapo, zikisomwa na vyuo vikuu, zikinukuliwa kwenye tasnifu, zikielekezewa viungo na magazeti. Kila kiungo ni kura. Kura za miaka thelathini.

Ndiyo maana mtu wa mbali akiitafuta Ngara kwa Kiingereza hukutana haraka na mahema. Hakutani na Radio Kwizera kama redio ya leo, hakutani na wakulima wa kahawa na ndizi, wala na maporomoko ya Rusumo ambako sasa kuna mtambo wa umeme wa megawati 80 unaogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Anakutana na mwaka 1994. Na akiandika "Benaco" tupu, anaweza kupelekwa Italia, kwa sababu hilo ni jina la kale la Ziwa Garda. Wenyeji tunaandika Benako, kwa k. Kwa kompyuta herufi hiyo moja inaweza kuwa mlima kati ya mtu na mji wake.

Kwa hiyo umri una nguvu, lakini nguvu hiyo si ya miaka yenyewe. Ni ya vilivyokusanywa ndani ya miaka. Jina lililosajiliwa mwaka 1996 likakaa tupu lina thamani ndogo mbele ya lile la mwaka 2018 lililojaa habari ambazo watu wanazirejea. Wazee wetu walishalisema kwa namna yao: kuishi kwingi ni kuona mengi. Hawakusema kuishi kwingi ni heshima. Mtu anaweza kuishi mengi asione kitu.

Ukigeukia Biharamulo unaona upande wa pili wa jambo hili, jinsi jina linavyoweza kukatwa mizizi. Wilaya ilikuwa na mgodi wa dhahabu wa Tulawaka, ulioanza uzalishaji mwaka 2005. Ripoti zake kwa wawekezaji ziliandikwa kwa ajili ya Toronto na London. Mwaka 2013 mgodi ukaenda kwa STAMICO, shirika la umma, na jina likawa STAMIGOLD. Anayetafuta Tulawaka anakutana na habari za kale. Anayetafuta STAMIGOLD anaweza asijue kwamba shimo ni lilelile.

Kuna pia pori la akiba. Kwa miongo mingi jina la Biharamulo lilijulikana kwa wapenda wanyama kupitia Pori la Akiba la Biharamulo. Mwaka 2019 pori hilo, pamoja na Burigi na Kimisi, likawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Simba na twiga hawakuhama, ila jina la Biharamulo lilitoka kwenye kibao. Kurasa zote zilizokuwa zimejikusanyia viungo kwa jina la zamani zikawa zinaelekeza mahali ambapo rasmi hapapo. Mwongoza watalii wa Biharamulo akitaka kuonekana leo anaanza na jina changa, na jina hilo linataja jirani. Sisemi hili kwa kinyongo na Chato, ambayo mpaka mwaka 2005 ilikuwa sehemu ya wilaya hiyohiyo ya Biharamulo. Nasema tu kwamba jina likibadilishwa mezani, kuna watu chini wanaopoteza miaka yao ya kujulikana, na hakuna anayewafidia.

Baadhi ya mambo yamebadilika. Mwaka 2017 serikali ilizindua kwa pamoja tovuti za mikoa na halmashauri zote nchini, na hapo Ngara na Biharamulo zikapata anwani zao chini ya go.tz. Mkongo wa taifa wa mawasiliano unaounganisha Tanzania na Rwanda unapitia Rusumo, na ule wa kwenda Burundi unapitia Kabanga. Maana yake ni kwamba nyaya zinazobeba intaneti ya nchi mbili jirani zimezikwa kwenye udongo wa Ngara. Habari za watu wengine zinapita chini ya migomba yetu kwa kasi ya mwanga. Zetu ndizo chache.

Na mkia wa .tz una faida yake ya kweli, ambayo yule muuzaji hakuitaja. Injini za utafutaji huuchukulia mkia wa nchi kama ishara kwamba tovuti imekusudiwa watu wa nchi hiyo, kwa hiyo kwa mnunuzi wa asali aliyeko Mwanza au Bukoba, .co.tz inaweza kusaidia kuliko miaka kumi ya .com. Ila mkia huo una historia yake ya kisheria pia. Desemba 2016 Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa JamiiForums, alipofikishwa mahakamani, moja ya mashtaka lilikuwa kuendesha tovuti ambayo jina lake halikusajiliwa Tanzania. JamiiForums ilikuwa na miaka kumi wakati huo, na mtu akiuliza jambo lolote kwa Kiswahili mtandaoni ilikuwa vigumu asikutane nayo. Heshima hiyo ilijengwa na maelfu ya Watanzania wanaouliza na kujibu kwa lugha yao, usiku na mchana. Juni 2018, kanuni mpya za maudhui zilipotaka leseni, ilizimwa kwa wiki kadhaa. Umri na viungo ni kinga mbele ya mashine. Mbele ya dola, si lazima.

Kuna hatari nyingine iliyonishtua zaidi kuliko yote, na ndiyo niliyomweleza shangazi kwanza nilipompigia. Nilizipitia ripoti za zamani za miradi iliyofanyika Ngara na Biharamulo, nikifuata anwani zilizochapwa mwishoni mwa kurasa. Nyingi hazifunguki. Mradi uliisha, hakuna aliyelipia jina, jina likaanguka. Nyingine zinafunguka, lakini ndani yake kuna kamari. Majina yaliyokufa yenye viungo vizuri hununuliwa kwa makusudi, ili heshima ya marehemu imbebe mgeni. Machi 2024 Google ilitangaza kuuhesabu mchezo huo kuwa ni ukiukaji wa taratibu zake. Fikiria: mradi wa maji wa kijiji, picha za akina mama waliochangia nguvu zao, na sasa anwani ileile inamwalika mtoto wa mtu kubeti. Kilichobaki cha picha zile, kama kipo, kiko kwenye hifadhi ya Internet Archive huko San Francisco, shirika lililoanza kunakili intaneti mwaka 1996. Kumbukumbu ya kijiji chetu inatunzwa na watu wasioweza kukionyesha kwenye ramani.

Hivyo jibu langu kwa shangazi lilikuwa hivi. Miaka kumi haitawapandisha. Google haitazami risiti yenu ikaingiwa na huruma. Lakini msilipie kwa kusahau pia. Lipieni kwa muda ambao mfuko unaruhusu, miaka miwili au mitatu, na tarehe ya kuisha iandikwe kwenye daftari la kikundi kama inavyoandikwa tarehe ya marejesho ya mkopo. Jina lisajiliwe kwa kikundi, lisiwe la fundi aliyetengeneza tovuti, maana fundi anaweza kuhama mji na funguo mfukoni. Fedha itakayobaki mnunue nayo kamera ya kawaida na bando.

"Bando la nini?" akauliza.

La kuandika. Andikeni nyuki hawa wanakula maua gani na mwezi gani. Andikeni kwa nini asali ya msimu mmoja ni nyeusi na ya mwingine ni ya dhahabu. Andikeni mzinga wa gome unavyotengenezwa na nani bado anaujua. Andikeni kwa Kiswahili, na majina ya miti muyaweke kwa Kisubi na Kihangaza, kwa sababu mtu atakayeyatafuta majina hayo kesho hatapata pengine popote. Halafu mwalimu wa sekondari awaelekezee wanafunzi wake hapo, na halmashauri iwawekee kiungo, na redio iwataje. Hizo ndizo kura. Hazinunuliwi kwa mwaka wala kwa miaka kumi.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema kikao ni Jumapili baada ya kanisa na kwamba nitakuja mwenyewe kuwaeleza, kwa sababu yeye hataweza kuwaambia wazee kwamba uzee hauna maana.

Nilimwambia sikusema hivyo. Uzee una maana kubwa kwa aliyeutumia. Tulikawia, na waliotutangulia kuandika walituandika walivyotuona: Speke aliona ushuru, wafanyakazi wa misaada waliona mahema, wawekezaji waliona gramu za dhahabu kwa tani ya mawe. Wote walikuwepo kweli, na kila mmoja aliona kitu kweli. Kasoro yao ni kwamba waliondoka, maandishi yao yakabaki kuwa wenyeji. Tovuti ya asali itakayofunguliwa mwaka huu itakuwa changa mbele yao kwa miongo mitatu, na mbele ya Speke kwa zaidi ya karne moja na nusu. Ikilipiwa kila hati inapoisha, na ikiendelea kuandikwa, siku moja nayo itakuwa kongwe, na mtoto atakayeitafuta Biharamulo atakutana na mtu wa Biharamulo akizungumza.